Kampuni Ndogo za Simu Vijijini: Kwa Nini Zinahitaji Chama



Mfugaji wa Meto akitaka kujua bei ya ng'ombe sokoni Bisil, mara nyingi hupanda kilima kutafuta mtandao. Hapa Namanga nako simu hukamata mtandao wa Tanzania yenyewe, na mwenye simu huenda akashtukia pesa zimekwisha. Sasa vikundi vinauliza: je, sisi wenyewe tunaweza kujiletea mawasiliano? Ndiyo, lakini si kila kikundi peke yake.

Kwa nini kampuni kubwa hazifiki?

Ni hesabu tu. Mlingoti ukiwekwa Kitengela, wateja ni wengi na gharama inarudi upesi. Ukiwekwa malishoni, maboma ni machache, umeme hakuna, na barabara ni mbovu. Anayetafuta faida atakwenda penye watu.

Wenzetu walifanyaje?

Wakulima wa Marekani walikuwa na shida hiyo hiyo. Miaka ya 1900 mwanzoni wengine walipitisha simu kwenye waya wa ua wa mashamba! Baadaye waliunda kampuni ndogo na vyama vya ushirika. Mwaka 1949 sheria iliruhusu serikali kuwakopesha fedha za simu za vijijini. Mwaka 1954 vyama hivyo vya ushirika viliunda muungano wao, NTCA, wa kuvisemea mbele ya serikali. Muungano huo upo hadi leo, na una mamia ya wanachama.

Na hapa Kenya?

Hadi mwaka 1999 shirika moja la serikali ndilo lililoshika posta na simu. Mwaka 2000 kampuni za simu za mkono zilianza kushindana. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii. Mfano ni TunapandaNET ya Kibera. Mtandao wa namna hii hununua intaneti kwa jumla kutoka kampuni kubwa, kisha huisambaza kwa antena hadi shule, zahanati na nyumba. Antena lazima zionane, kwa hiyo mlima kama Ol Doinyo Orok unaweza kusaidia au kuziba. Mitandao hiyo nayo ina chama chake, kwa kifupi ACNK.

Chama cha namna hii kina kazi gani?

1. Kusema kwa sauti moja. Barua ya kikundi cha watu 30 hukaa mezani. Ya vikundi vingi husomwa. Kwa mfano, sheria ya mwaka 2009 iliweka mfuko wa kufikisha mawasiliano kwa wote, na kampuni zenye leseni huuchangia. Nani atauliza kama sehemu zetu zimekumbukwa?
2. Kununua pamoja. Anayenunua vifaa vingi hupunguziwa bei.
3. Kufundisha mafundi, vijana wa kike na wa kiume, wasisubiri fundi wa Nairobi.
4. Kuelekeza juu ya leseni, maana kurusha mawimbi bila kibali kunaweza kuwaletea kesi.

Kabla hamjaanza

Jiulizeni kikundini: mtambo utakuwa mali ya nani? Kila nyumba italipa ngapi kwa mwezi, hata wakati wa ukame? Radi ikipiga mlingoti, fedha za kutengeneza zitatoka wapi? Vikundi vingi vimeona pampu ya maji ikifa kwa sababu hakuna aliyeweka akiba ya vipuri. Na simu ni vivyo hivyo. Tena, msitoe ada ya chama chochote kabla ya kusoma katiba yake na kuona hesabu zake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi kimoja ni kidole; chama ni mkono. Lakini mkono wenyewe hauna nguvu kama vidole vyake ni vigonjwa, kwa hiyo anzeni na daftari la hesabu la kikundi chenu. Lijadilini katika mkutano ujao.