Upele chini ya saa ya mazoezi: Chuma hulaumiwa, gundi husahauliwa

BANGILI na saa za kielektroniki zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na muda wa usingizi zimekuwa vazi la kawaida kwa wakazi wengi wa mijini. Hata hivyo, kwa baadhi yao kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya kulinda afya huacha chini yake upele, mwasho na wakati mwingine malengelenge.

Hali hiyo inapotokea, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba saa ni ya bandia, au kwamba chuma chake ni hafifu. Dhana hiyo ina ukweli kiasi, lakini tukio linalojulikana zaidi la aina hii halikuhusu bidhaa ya bandia hata kidogo.

Oktoba 2013, kampuni ya Fitbit ya San Francisco, Marekani, iliingiza sokoni bangili iliyoitwa Force, ikiuzwa kwa takribani dola 130. Haikupita miezi mingi kabla ya wateja kuanza kulalamika kuhusu ngozi zao. Februari 2014 mkuu wa kampuni hiyo, James Park, aliwaomba radhi walioathirika na kutangaza kusitishwa kwa mauzo. Machi 12 mwaka huo, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitangaza rasmi kurejeshwa kwa bangili zipatazo milioni moja zilizouzwa nchini humo, huku nyingine 28,000 zikiwa zimeuzwa Kanada. Hadi wakati huo kampuni ilikuwa imepokea taarifa zipatazo 9,900 za ngozi kuathirika na takribani 250 za malengelenge.

Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, waliolalamika walikuwa asilimia 1.7 ya watumiaji. Ni sehemu ndogo, lakini kifaa kikiuzwa kwa watu milioni moja, sehemu ndogo hugeuka kuwa umati.

Maelezo yaliyotolewa kuhusu chanzo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kampuni ilieleza kuwa huenda baadhi ya wateja waliathiriwa na nikeli iliyomo katika chuma cha pua cha kiwango cha vifaa vya upasuaji, na wengine waliathiriwa na malighafi ya mkanda au gundi iliyotumika kuunganisha sehemu za bangili. Zote zilikuwa malighafi za kawaida, zinazotumika katika bidhaa nyingine nyingi.

Ili kuelewa jinsi kitu cha kawaida kinavyoweza kumdhuru mtu mmoja na kumwacha jirani yake salama, ni lazima kutazama jinsi mzio wa ngozi unavyojengeka. Chembe ndogo mno za kemikali hupenya tabaka la juu la ngozi na kushikamana na protini za mwili. Askari wa kinga huibeba taarifa hiyo hadi kwenye tezi za limfu, ambako huandaliwa chembe hai nyeupe za damu zenye kuitambua kemikali hiyo. Kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14 au zaidi, na katika muda huo mhusika hahisi lolote. Siku ngozi itakapokutana tena na kemikali ile ile, jeshi lililokwisha kuandaliwa hushambulia, na upele hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu.

Hii ndiyo sababu mtu aweza kuvaa saa miezi kadhaa bila tatizo, kisha akaanza kujikuna ghafla. Kumbukumbu hiyo ya mwili, ikishajengeka, kwa kawaida hudumu maisha yote.

Miongoni mwa metali, nikeli ndiyo inayoongoza kwa kusababisha mzio. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, hasa kwa sababu ya kutoboa masikio na kuvaa hereni za bei nafuu. Maneno “chuma cha upasuaji” yaliyoandikwa kwenye boksi hayamaanishi kwamba nikeli haimo. Chuma cha pua cha aina hiyo huwa na nikeli ya zaidi ya asilimia 10. Tofauti ni kwamba chuma kizuri huishikilia nikeli yake na kuiachia kidogo sana, ilhali kile kilichopakwa rangi ya fedha juu juu huiachia kwa wingi pindi jasho lenye chumvi linapokilainisha. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994, ulikataa kupima kiasi kilichomo na badala yake ukapima kinachotoka: kisizidi nusu ya maikrogramu kwa kila sentimita moja ya mraba kwa wiki, kwa vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu.

Gundi ni habari nyingine, na pengine nzito zaidi. Saa hizi hufungwa kwa gundi za jamii ya akrilati, ambazo hugeuka kutoka uowevu na kuwa kitu kigumu. Zikikauka sawasawa, hazina madhara makubwa. Zikiachwa nusu, chembe ambazo hazijashikana huvuja polepole hadi kwenye ngozi. Macho hayazioni, wala mnunuzi hawezi kuziuliza dukani.

Uzito wake uko hapa: jamii hiyo hiyo ya kemikali hutumika katika jeli ya kucha saluni, katika dawa za kuziba meno, na katika saruji inayoshikilia viungo bandia vya nyonga na goti. Vilevile imo katika vifaa vya kupima sukari vinavyobandikwa mwilini na wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Ubelgiji waliripoti wagonjwa waliopata mzio kutokana na kifaa cha namna hiyo, na wakaonyesha kuwa chanzo kilikuwa aina moja ya akrilati iliyokuwa ndani yake. Kwa mtu wa namna hiyo, upele si kero ya urembo tena. Ni kizuizi kati yake na matibabu anayoyahitaji kila siku.

Si kila upele chini ya saa ni mzio, hata hivyo. Katika joto na unyevu wa miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, jasho, sabuni na vumbi vinavyonaswa chini ya mkanda uliokazwa vyaweza kuichubua ngozi bila kinga ya mwili kuhusika. Silikoni yenyewe ni nadra kuleta mzio, lakini haipitishi hewa. Upele wa aina hii kwa kawaida hufuata mpaka wa mkanda na hupoa haraka saa ikivuliwa, ngozi ikaoshwa na kukaushwa. Ule wa mzio huwasha zaidi, hutambaa nje ya mpaka huo, na huweza kuendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya kifaa kuwekwa kabatini.

Katika ngozi nyeusi dalili huonekana tofauti na picha za vitabu vingi. Badala ya wekundu, sehemu iliyoathirika huonekana ya zambarau, ya kijivu au nyeusi zaidi, na baada ya upele kupona doa huweza kubaki miezi mingi. Wapo wanaokimbilia krimu kali zenye steroidi wakitaka kufuta doa hilo bila ushauri wa daktari. Zikitumiwa muda mrefu krimu hizo huifanya ngozi kuwa nyembamba, na chanzo cha mzio hubaki pale pale.

Njia ya uhakika ya kukitambua chanzo ni kipimo kilichoanzishwa na daktari Josef Jadassohn mwaka 1895: kemikali zinazoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha daktari husoma majibu mara ya kwanza na kurudia siku moja au mbili baadaye. Anayekwenda hospitali anashauriwa kuibeba saa yenyewe pamoja na mkanda wake. Mahali upele ulipo, iwe chini ya kifungo cha chuma, kando ya mkanda au chini ya kioo cha nyuma, humwonyesha daktari pa kuanzia.

Kuihamishia saa mkono wa pili hakusaidii, kwani kinga iliyoamshwa huzunguka mwili mzima. Mwenye mzio wa nikeli aweza kupata nafuu kwa mkanda wa nailoni usio na kifungo cha chuma. Mwenye mzio wa gundi hana njia hiyo, kwa kuwa gundi imo ndani ya kifaa chenyewe, na kwake ushauri wa madaktari ni mmoja tu: akivue.