Maungo Yaliniuma, Nikaukumbuka Msio wa Mama Mkubwa

Ijumaa moja katika mwezi wa Shaaban nilisali sala ya Ijumaa nimekaa juu ya kiti. Sikuwa mgonjwa, wala uzee haujafika huko, ingawa ndevu zimekwisha geuka rangi. Nilikuwa nimekwenda kushindana na kijana, nami nikakipata nilichokitafuta.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 24, na tangu mwaka uliopita amekuwa akinyanyua vyuma katika ukumbi mmoja hapa Mombasa. Jumatano jioni alinikuta barazani nakunywa kahawa, akanitazama, akasema, "Mjomba, hilo tumbo litakuua. Twende japo siku moja." Mimi ujanani nilicheza mpira, na aliyecheza mpira hakubali kuambiwa maneno kama hayo mbele ya wenzake. Nikaenda. Nilichuchumaa na kuinuka nimebeba chuma mabegani mara zisizo na hesabu, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi maungo yakaanza kukaza. Ijumaa nilipoinama kuvaa makubadhi nilipiga ukelele, mke wangu akatoka mbio jikoni. Msikitini rukuu niliiweza kwa taabu, lakini kusujudu, la. Mapaja yalikuwa mbao. Barobaro mmoja akaniletea kiti bila ya kuombwa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mapaja.

Nilipotoa salamu nilimtafuta mpwa wangu nimlaumu, sikumwona. Nilipomuuliza dada yangu baadaye, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa kijana hajafika msikitini Ijumaa ya tatu ile. "Aona haya uso wake," alisema. Hapo nikakumbuka kuwa hata Jumatano, magharibi imeingia, alikuwa amevuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Basi nikajikokota mpaka Mji wa Kale, kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa amepita miaka 80. Marehemu mumewe alikuwa hamali katika Bandari ya Kale, siku ambazo kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni yenye tende, na kusi ikayarudisha yamesheheni boriti. Boriti za mkoko si mzigo wa mchezo. Kila jioni mzee yule alirudi mabega yamechubuka na mgongo umekufa ganzi, na kila asubuhi aliondoka mzima. Aliyemtengeneza baina ya jioni na asubuhi ni mkewe. Tena bibi huyu ndiye aliyewasinga maharusi wa mtaa mzima, na msio wake, lile jiwe la tumbawe la kusagia liwa, bado uko chini ya kitanda umefungwa kitambaa.

Nilimbusu mkono. Akaniangalia nikishuka kukaa mkekani kama ngamia, akacheka mpaka akafuta mato.

"Mwanangu, umebebani?"

"Chuma, mama."

"Wamekulipa?"

Nikasema la, mimi ndiye niliyelipa. Akacheka upya.

Mikono yake haina tena nguvu ya kukanda, kwa hiyo alimwita mwanangu wa kiume, akamfundisha palepale huku mimi ndiye ubao wa kufundishia. Uto hautiwi motoni. Bakuli huwekwa ndani ya maji ya moto, na karafuu chache zilizopondwa huachwa humo mpaka harufu itoke. Uto huu ni mafuta ya ufuta, na wakongwe wa Lamu na Unguja wanakumbuka ngamia waliokuwa wakizunguka vinu kuyakamua. Mkono huanzia kwenye nyayo ukapanda kuelekea moyoni, kwa kiganja kizima, polepole. Mwanangu alipoanza kunichimba kwa vidole gumba, alipigwa kofi la bega. "Kukanda si kupigana," akaambiwa.

Kuna mahali alikataza. Kifundo kilichovimba hakikandwi. Na mguu mmoja ukivimba wenyewe, ukawa na moto na mwenzake hana, usiguswe, mtu apelekwe hospitali. Hakunieleza sababu. Daktari yeyote atakueleza: huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ukiikanda yaweza kung'oka ikaenda mapafuni. Mimi naongeza jingine ambalo vijana wa vyuma yafaa walijue. Ikiwa baada ya mazoezi makali mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, usitafute uto wala karafuu. Misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini. Kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Kwa nini maumivu yalingoja mpaka Ijumaa? Ujanani tuliambiwa ni asidi inayobaki katika misuli, na kwamba kukandwa huitoa. Sivyo. Asidi hiyo ya laktiki humalizika baada ya saa moja hivi. Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliandika tangu mwaka 1902 kwamba maumivu ya kuchelewa yanatokana na michaniko midogo ndani ya msuli wenyewe, na wataalamu waliomfuata wameonyesha kuwa yanazidi pale msuli unapovutwa huku umebeba uzito, kama vile kushuka ngazi au kuchuchumaa na chuma. Huanza siku ya pili, hufika kilele baina ya saa 24 na 72, kisha huondoka yenyewe.

Sasa msomaji atauliza: kama yanaondoka yenyewe, uto wa nini? Nami nilijiuliza nikiwa nimelala kifudifudi. Majaribio mengi yamefanywa juu ya kukandwa baada ya mazoezi, na jibu lake ni la wastani: maumivu hupungua kiasi, lakini nguvu hairudi haraka zaidi kwa ajili hiyo. Uto kazi yake ni kuteleza. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, na madaktari wa meno huyatumia mpaka leo, ila yale makali ya kichupa ukiyapaka bila ya kuchanganya yatakuunguza. Lakini tazama mama mkubwa alivyonifanya. Alinilaza saa nzima. Akanikogesha maji ya moto. Akanipa dafu, kisha mbaazi za nazi na kipande cha samaki. Akaamuru kailula, na mlango ukafungwa. Msuli uliochanika unajengwa kwa chakula cha namna hiyo na kwa usingizi, na kama asingeniwekea uto ningekwenda zangu barazani kuzungumza siasa mpaka saa nne za usiku.

Jirani mmoja alinishauri nikaumikwe, akitoa mfano wa yule mwogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, aliyeonekana na alama za chuku mabegani katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Sina ugomvi na chuku. Lakini Phelps alikuwa na medali nyingi kabla ya alama zile. Mwingine aliniambia nikakae baharini, kwa kuwa wachezaji wa Ulaya hukaa ndani ya maji ya barafu. Hao hukaa katika maji ya nyuzi 10 mpaka 15. Bahari yetu mara nyingi haishuki chini ya 25. Nilikwenda, nikafurahi, nikarudi naumwa vilevile.

Jumapili nilisujudu. Na ilikuwa Jumapili hiyo mama mkubwa alipotuma nimlete mjukuu wake.

Alikuja amefunika mdomo kwa barakoa. Alipoitoa, msomaji, nilishtuka. Kuzunguka mdomo palikuwa pekundu, vipele vidogo vya ukubwa mmoja vimejipanga, na mashavuni ngozi imekuwa nyembamba hata vishipa vya damu vinahesabika. Juu ya paji la uso palikuwa peupe kuliko shingo.

Tulimpata maneno yake kidogo kidogo. Alipoanza vyuma alitokwa na chunusi usoni na mgongoni. Hilo si ajabu: jasho, fulana ya kubana isiyovuliwa mpaka usiku, na kuufuta uso kwa taulo la kila mtu. Tena alikuwa akinywa ule unga wa maziwa wa kujenga misuli, na madaktari wameandika habari za vijana waliotokwa na chunusi baada ya kuuanza. Angeoga mapema, akabadili fulana, akaacha unga mwezi mmoja aone. Lakini alikuwa na haraka. Alikwisha posa, na nikahi ilipangwa mfungo mosi. Muuza duka mmoja akamuuzia kikopo kisicho na jina, mafuta yaliyochanganywa na mtu nyuma ya duka. Wiki ya kwanza uso ukasafika na kung'aa, watu wakamsifu. Baada ya miezi miwili, akiacha siku moja tu, uso unawaka moto, naye akawa hana budi kupaka tena.

"Nyanya, nisagie liwa," alisema, na sauti ilimkwama. "Nipone kabla ya harusi."

Nilidhani bibi atafurahi. Ni nani siku hizi anayekuja kumwomba liwa? Aliugusa uso wa kijana kwa mgongo wa mkono wake, akaushikilia hapo kitambo.

"Sikusagii," akasema. "Msio ni wa ngozi nzima. Hii yako ni jeraha. Jeraha halisingwi. Wende kwa daktari wa ngozi, na kikopo ukichukue mkononi."

Daktari alipokiona alikitambua kabla ya kukifungua. Alisema vikopo kama hivyo hutiwa steroidi kali, dawa ambayo ina kazi yake maalumu, kwa siku chache, kwa maradhi fulani ya ngozi. Ikipakwa usoni kila siku hupunguza ngozi, huzaa vipele vipya, na ngozi huizoea hata ikaasi inapoinyimwa. Alimwandikia dawa nyingine, akamwonya kuwa hali itazidi kabla ya kutulia, na kwamba huenda ikachukua miezi. Alimuuliza pia kama anavimba miguu, akapima mkojo. Sababu ni kwamba baadhi ya mafuta ya kuchubua yana zebaki, na zebaki hupita kwenye ngozi ikaharibu figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ulitaka vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni visitengenezwe wala kuuzwa nchi za nje ifikapo mwaka 2020, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kule Geneva kukifuta hata kiasi hicho ifikapo 2025. Kikopo kisicho na jina hakijui mkataba. Alhamdulillahi, mkojo wa kijana ulikuwa safi.

Ikabaki kazi ngumu, nayo nilipewa mimi: kwenda kwa wakwe kuomba siku isogezwe. Nilisema ukweli, maana uongo wa posa hukaa miaka. Baba wa binti alinisikiliza, akaingia ndani, akakaa sana. Aliporudi alikuwa na kikopo mkononi. Kilikuwa kile kile. Binti naye alikuwa akijipaka kwa ajili ya harusi, apate kuwa mweupe, na aliposikia habari kupitia mlangoni alikitoa mwenyewe. Nikahi ikahamishwa kutoka mfungo mosi mpaka mfungo tatu, na wote wawili wakawa wanakwenda kwa daktari mmoja, kila mmoja siku yake.

Miezi hiyo mama mkubwa alimpa kijana masharti machache. Uso usisuguliwe. Udhu mara tano kwa siku unatosha kuuosha kwa maji, sabuni isiyo kali mara mbili basi. Mafuta ya nazi apake miguuni na mikononi, si usoni, kwa kuwa uso wake una mafuta ya kutosha. Na kweli mafuta ya nazi huziba vitundu vya ngozi ya namna hiyo. Ndimu asiiweke kabisa. Wapo wanaojipaka ndimu kisha wakatoka juani, na jua likikutana na maji ya ndimu huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya wiki kadhaa.

Siku moja alinituma Marikiti kununua liwa. Nilirudi na kipande, akakisugua mara mbili juu ya msio, akanusa, akakitupa dirishani. Ulikuwa mti wowote uliorushiwa marashi. Sandali ya kweli imekuwa adimu. Hata msandali wetu wa Kenya ulikatwa ovyo mpaka ukapigwa marufuku mwaka 2007, na tangu mwaka 2013 biashara yake imo chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa. Akafungua kasha lake, akatoa kipande cha Bara Hindi kilichobaki kama kidole.

Ilikuwa siku tatu kabla ya nikahi. Uso wa kijana ulikuwa umetulia, si mweupe, ni rangi yake ya kuzaliwa, na alama chache za chunusi zilizopona. Alikuwa amerudi kwenye vyuma, na nami kwa haya nilikuwa nafuatana naye, kwa uzito mdogo. Mama mkubwa aliloweka msio kwa maji ya mawaridi, akasugua liwa kwa kuzungusha, polepole, mpaka rojo ikawa laini kama maziwa mazito. Liwa hupoza kwa maji yake yanapokauka, na hunukia. Zaidi ya hapo bibi hakuahidi.

Alichovya kidole, akampaka kijana tone moja nyuma ya sikio.

"Rudi kesho," akamwambia.

Kesho yake alirudi. Bibi akamkunja sikio kuelekea mwangani, akatazama sana. Hapakuwa na kitu. Akauvuta msio karibu.