Waovambo na Lugha Yao Yenye Maandiko Mawili

Mswahili afikapo kaskazini ya Namibia na kuamkiwa asubuhi kwa maneno "Wa lala po?" hana haja ya mkalimani ili atambue kwamba anaulizwa habari za usingizi wake, na akizidi kutega sikio atasikia mtu akiitwa omuntu, mti ukiitwa omuti na ng'ombe ongombe. Pale tusemapo ki- wao husema oshi-, na ndiyo maana lugha yao ni Oshiwambo.

Waovambo, ambao ni kama nusu ya raia wa Namibia, na wengine wako kusini ya Angola, hukaa katika nchi tambarare ipitiwayo na mikondo mipana isiyo na kina, iitwayo oshana, ambayo wakati wa mvua hujaa maji yatokayo Angola, yakaleta samaki na malisho, kisha yakakauka. Zao lao ni uwele, na unga wake husongwa ukawa oshifima, chakula ambacho Mgogo angekitambua kabla ya kukionja. (Wapigania uhuru wa SWAPO, chama cha Namibia, waliopiga kambi Kongwa, Ugogo, miaka ya 1960, yumkini waliliona hilo wenyewe.)

Zamani hawakuwa na sultani mmoja: Ondonga, Uukwanyama, Uukwambi na nyinginezo, kila moja ilikuwa dola yenye lahaja yake. Wamisionari wa Kifini walipowasili Ondonga mwaka 1870 waliandika lahaja waliyoikuta hapo, na mmoja wao, Martti Rautanen, ambaye wenyeji walimpa lakabu ya Nakambale kwa ajili ya kofia yake iliyofanana na kikapu, akafasiri Agano Jipya, likapigwa chapa mwaka 1903. Wajerumani nao, waliofika Uukwanyama mwaka 1891, wakaandika lahaja ya huko kwa tahajia yao. Basi watu waelewanao barazani wakawa na vitabu mbalimbali, na hata leo shule husomesha ama Oshindonga ama Oshikwanyama. Sisi tuliosikia manung'uniko ya Mombasa Kiunguja kilipoteuliwa kuwa sanifu, tusiwastaajabie.

Lakini mpaka uliokatwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886 ulidhuru kuliko tahajia, kwani uliipasua Uukwanyama kati. Mfalme Mandume ya Ndemufayo, aliyebanwa na Wareno upande mmoja na, upande wa pili, majeshi ya Afrika Kusini yaliyoshika nafasi ya Wajerumani, alifia vitani Februari 1917. Leo binamu wa kaskazini husomeshwa Kireno, na wa kusini Kiingereza. Na wakutanapo mazishini, huzungumza Oshikwanyama.