Breki Zinapokatika Kooni

Ndugu msomaji, mgonjwa anapoambiwa hospitalini kuwa uvimbe ulio ulimini au kooni mwake ni saratani, jamaa zake huulizana kwa kunong'ona: "Je, imo katika damu yetu?" Swali hilo ni la haki, na madaktari wanapotaja neno "jeni" hofu huzidi. Yafaa basi tulijibu kwa kituo.

Kila chembe hai ya mwili wetu hubeba maagizo ya kazi yake, na agizo moja moja ndilo liitwalo jeni. Yapo yanayoiamuru chembe igawanyike, ili ngozi iliyochubuka ipone, na yapo yanayoiamuru isimame. Lifikirie lori lililosheheni likiteremka mlima Kitonga kule Iringa. Saratani ni lori ambalo pedali ya mafuta imekwama chini, au breki zimekatika.

Habari ya mafuta ndiyo iliyojulikana kwanza. Mwaka 1976 Michael Bishop na Harold Varmus wa San Francisco, pamoja na wenzao, walionyesha kuwa jeni iliyovifanya virusi fulani vilete saratani kwa kuku ilikuwa imechukuliwa katika chembe za kuku mwenyewe. Kumbe adui alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyeharibika! Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1989.

Lakini katika saratani za kinywa, ulimi, koo na kisanduku cha sauti, aghalabu kisa ni cha breki. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jeni za vivimbe 279 vya namna hii, na katika zaidi ya thuluthi mbili jeni iitwayo TP53 ilikuwa imeharibika. Kazi ya jeni hiyo ni kuisimamisha chembe yenye kasoro mpaka itengenezwe, au kuiamuru ife. Protini yake iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kama kumi wataalamu waliihesabu katika kundi la mafuta, mpaka ilipobainika mwaka 1989 kuwa ni breki. Mlinzi alikuwa ametuhumiwa wizi.

Nani basi hukata breki hizo? Wa kwanza ni moshi wa sigara. Kemikali zake hunata kwenye maandishi ya jeni, na chembe inapogawanyika maandishi hayo hunakiliwa kwa makosa. Pombe ikivunjwa mwilini hutoa asetaldehaidi, nayo huharibu vivyo hivyo; na kwa yule anayevuta na kunywa, hatari hizo mbili hazijumlishwi bali huzidishana. Wapenzi wa tambuu nao wasijifiche nyuma ya mila: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kuwa popoo husababisha saratani hata bila kutiwa tumbaku.

Hapo jibu la jamaa wa mgonjwa linapatikana. Kwa kawaida kasoro hizi mtu huzaliwa hana. Huzipata ukubwani, katika utando wa kinywa na koo lake, wala hazimo katika mbegu inayomzaa mtoto. Yapo maradhi ya kurithi yanayoongeza hatari, ila ni adimu. Kinachorithiwa zaidi nyumbani ni pakiti ya sigara iliyo juu ya meza.

Iko njia nyingine, isiyohitaji sigara. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, ambavyo Harald zur Hausen wa Ujerumani alivihusisha na saratani ya mlango wa kizazi na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2008, huweza kuingia pia nyuma ya koo. Kwa kawaida haviharibu jeni ya TP53. Huifanya protini yake ivunjwe kila inapotengenezwa, kama breki nzima ambayo mafuta yake humwagwa kila yanapotiwa. Wagonjwa wa namna hii kwa kawaida hupona vizuri zaidi. Chanjo waliyoanza kupewa wasichana wa Tanzania mwaka 2018, kwa ajili ya mlango wa kizazi, inavilenga virusi hivyo hivyo.

Na dawa? Cetuximab, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani hizi mwaka 2006, huziba mlango unaopitisha amri ya kukua, na imewafaa baadhi ya wagonjwa. Lakini dawa huziba kilichopo kwa urahisi kuliko inavyorudisha kilichopotea, na hapa kilichopotea ni breki. Ndiyo maana kisu na mionzi vingali tegemeo kubwa, navyo hufaa zaidi uvimbe ukiwa mdogo.

Basi, ndugu msomaji, kidonda cha mdomoni, sauti iliyokwaruza au uvimbe wa shingoni ukipita wiki tatu, usiridhike na vidonge vya koo vya dukani. Nenda hospitali ukatazamwe, na daktari akitaka kukata kinyama kidogo cha kupima, mkubalie. Aliyetibiwa akapona naye asiache kurudi kuonwa. Mwaka 1953 daktari Slaughter wa Marekani na wenzake walieleza kuwa utando unaozunguka uvimbe huwa umekwisha kuharibika nao, hata pale unapoonekana mzima kwa macho, kwa kuwa moshi uliopita ulimini ulipita na kooni pia.