Daktari akiandika dawa kwenye kompyuta

Ndugu mkaaji wa kambi, ukipewa rufaa ya Kampala ukafikia kwa jamaa hapa Kamwokya, karibu na Hospitali ya Mulago, usishangae daktari asipokupa karatasi ya dawa. Baadhi ya hospitali na kliniki huandika dawa kwenye kompyuta, na agizo humfikia mfamasia papo hapo.

Kuna faida gani?
Korona ilipoingia Uganda Machi 2020, wagonjwa walitengwa, na watu waliogopa kupokezana karatasi. Agizo la kompyuta halishikwi na mikono mingi, tena husomeka vizuri. Programu nyingine huonya dawa zikigongana. Mfano, rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dolutegraviri ya VVU, hivyo daktari huongeza dozi ya dolutegraviri.

Lakini kompyuta haijui usichosema. Ukificha kwamba unameza ARV, haitaonya.

Kwa hiyo:
1. Taja dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Sema kama una mimba, au kama kuna dawa inayokudhuru. Ukiona watu wanasikia, omba faragha.
2. Onyesha kitambulisho cha ukimbizi kila mara. Jina likikosewa herufi moja, unaweza kufunguliwa faili jipya lisilo na habari zako.
3. Hakikisha jina lako liko kwenye pakiti kabla ya kuondoka dirishani.

Tunza pia kadi yako ya matibabu. Umeme ukikatika, ndiyo itakayokusemea.