Laptopu mpya, programu ya zamani

Boom lilipoingia nilifanya kile ambacho wengi wetu tunafanya. Nikachanganya na akiba kidogo, nikashuka Kariakoo, nikarudi na laptopu mpya. Ni nyepesi, inakaa na chaji kutwa nzima, na muuzaji alinihakikishia kuwa inakubali kila kitu cha Windows. Wiki hiyohiyo msimamizi wa mradi wangu akanipa programu ndogo ya kusahihisha vipimo vya ardhi, anayoitumia tangu enzi za DOS. Nikaibofya. Ikagoma.

Basi nikaanza kuuliza. Kumbe prosesa inaelewa maelekezo ya ukoo wake tu. Ukoo wa Intel tunaoujua ulianza na 8086 mwaka 1978, ya biti 16. Mwaka 1985 ikaja 80386 ya biti 32, na mwaka 2003 AMD wakaufikisha biti 64. Muda wote huo mtoto aliendelea kuelewa lugha ya babu. Lakini prosesa hizi zikiwa katika hali ya biti 64, ile njia maalumu iliyokuwa ikihudumia programu za DOS haipo tena, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Ndiyo maana hata mwenzangu wa chumbani, mwenye Intel ya kawaida, aligomewa vilevile.

Mimi nilikuwa na la ziada: prosesa yangu ni ARM, ukoo mwingine kabisa, ndio uliojaa kwenye simu zetu. Kwa programu za Intel za biti 32 na 64, Windows 11 inaweka mkalimani katikati: anachukua maelekezo ya Intel, anayageuza kuwa ya ARM, na tafsiri anaitunza asirudie kazi. Apple nao walifanya hivyo mwaka 2020 walipohamia M1, mkalimani wao akiitwa Rosetta 2. Ila wakalimani hawa hawadumu. Rosetta ya kwanza ilikuja 2006 Apple walipotoka PowerPC kwenda Intel. Toleo la mfumo la 2011 likaja bila hiyo, na waliokuwa bado na programu za PowerPC wakaachwa kituoni.

Kilichoniokoa ni DOSBox. Hiyo inaigiza kompyuta nzima ya zamani, kuanzia prosesa hadi kadi ya sauti, na programu inadhani iko nyumbani kwao. Kuigiza hivyo kunakula nguvu nyingi, lakini programu ya miaka ile inahitaji kidogo mno, kwa hiyo husikii uzito wowote. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, majibu yakatoka. Nikalinganisha na mfano wa mwalimu, sawa hadi milimita. Nikampigia mama kabisa kumwambia mradi umeiva.

Nilijisifu mapema, jamani. Kifaa cha kupimia cha idara yetu kinatoa data kwa kebo yenye draiva ya mwaka 2009. Draiva inakaa ndani kabisa ya mfumo, jirani na chuma chenyewe, na huko mkalimani haingii. Kwenye Windows ya ARM lazima draiva iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM, na aliyetengeneza kebo ile hakuandika. Kwa hiyo kikongwe cha DOS nilikimudu, kitu cha makamo kikanishinda.

Kwa hiyo wewe ambaye hujalipa bado, swali la "inakubali Windows?" halikusaidii. Uliza prosesa ni ya ukoo gani. Halafu kabla ya kutoa hela, nenda kwa msimamizi wako umuulize utachomeka kifaa gani, na draiva yake ni ya mwaka gani. Kama kazi yako ni kuandika ripoti na kuangalia mpira, chukua ARM, chaji yake ni raha.

Mimi kila Ijumaa nabeba flashi kwenda maabara. Kuna kompyuta moja chakavu yenye Windows ya biti 32, inaendesha programu ya mwalimu na draiva ya kebo bila kulalamika. Tunaipangia foleni watu sita. Feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, na fundi wa maabara amebandika karatasi juu yake: USIZIME. Mradi unakusanywa Juni.