Kimbunga, uragani, tifone: namna ya kuwaelezea watoto

Kila wakati wa mvua radio inatangaza kimbunga huko Msumbiji ao Madagaska, na mtoto anauliza: «Papa, ile itafika na kwetu?» Wengi tunajibu: «Nyamaza, kula bukari.» Lakini tuko na jibu nzuri kuliko hilo, na iko pale pale jikoni.

Muonyeshe sufuria ya mayi kwenye makala. Mayi ikipata moto, mvuke unapanda. Baharini ni vile vile: mayi ikifikia joto la digrii 26 ao 27, mvuke mwingi unapanda, upepo unakimbia toka pande zote kujaza nafasi yake, na kwa kuwa dunia inazunguka, ule upepo nao unaanza kuzunguka. Katikati panabaki pametulia, wanapaita jicho. Sasa ondoa sufuria kwenye makala. Inapoa, sivyo? Kimbunga kikiingia nchi kavu kinapoa hivyo: upepo unapungua, mvua inabaki. Likasi iko zaidi ya kilomita 1,000 toka bahari. Kwa hiyo jibu la mtoto ni hapana.

Majina yanawachanganya hata watu wazima. Jambo ni moja. Upande wa Amerika, kwenye bahari ya Atlantiki, wanasema uragani. Upande wa Japani na Filipino, tifone. Kwenye Bahari ya Hindi, sikloni, ndiyo kimbunga chetu. Tena kila kimoja kinapewa jina lake, ili vikitokea viwili pamoja watu wasikosee tangazo. Kwetu upande huu majina yanafuata alfabeti. Mwaka 2019, mwezi wa tatu, Idai ilipiga Beira. Mwezi wa nne Kenneth ikapiga kaskazini ya Msumbiji. Uliza mwanafunzi: kati ya I na K jina lilianza na herufi gani? (Lilikuwa Joaninha.) Idai iliua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na ikazamisha mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Mkulima anajua maana yake.

Mvua yetu ya radi haina jina, na hiyo ndiyo inafika shambani. Mfundishe mtoto kuhesabu: akiona mwanga wa radi, ahesabu pole pole mpaka asikie ngurumo. Kila 3 ni kama kilomita moja. Kama hajafika 30, aache jembe, akimbilie nyumba iliyofungwa. Kile kibanda cha shambani hakilindi mtu. Asijifiche chini ya mwembe, hata kama mvua inamlowesha. Watoto wakiwa wengi mahali pa wazi, wasishikane, waachane nafasi. Wangoje dakika 30 nyuma ya ngurumo ya mwisho, hata jua likirudi. Hapo ndipo sisi wakubwa tunakosea, juu ya haraka ya kumaliza mstari.

Na jambo moja tusifiche. Radi ikipiga mtu, wengine wanaogopa kumgusa, wanasema ametumiwa. Mwili wake haubaki na umeme. Mguseni mara moja. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta namna ya kumfikisha hospitali.